Kompyuta kuukuu: Pima kwanza kabla ya kubadilisha prosesa na madabodi

KABLA ya matatu za asubuhi kujaa abiria wanaotoka Dandora kuelekea katikati ya jiji la Nairobi, milango ya maduka madogo ya kompyuta, maarufu kama saiba, huwa imekwisha kufunguliwa. Wateja wa kwanza huja na haraka zao. Mmoja anataka kuwasilisha taarifa ya ushuru kwa KRA, wa pili anaomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, na wa tatu ni mwanafunzi anayetafuta mkopo wa HELB. Kila mmoja hulipa shilingi chache tu, na riziki ya mwenye duka hutegemea idadi ya watu atakaowahudumia kabla ya giza kuingia.

Ni katika shughuli hizo ambapo kompyuta kuukuu huanza kusuasua. Ukurasa mmoja huchukua dakika nzima kufunguka, kishale huganda kwenye skrini, na mteja aliyeketi kwenye benchi hutazama saa, kisha huinuka na kuelekea saiba jirani. Fundi anapoitwa, aghalabu huwa na jibu tayari: mashine imezeeka, dawa ni kubadilisha prosesa pamoja na madabodi.

Ushauri huo huenda ukawa wa kweli. Lakini pia huenda ukamfanya mwenye duka atumie akiba ya miezi kadhaa, na siku ya pili kompyuta yake ikaendelea kujikokota vilevile. Swali basi ni moja: ni lini ubadilishaji huo huleta kasi, na ni lini huwa ni pesa zilizotupwa mtoni?

Kazi ya kila kiungo

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kila herufi inayochapwa, kila picha inayoonyeshwa na kila jedwali linalojumlishwa hupita hapo. Madabodi ni ubao mkuu unaounganisha prosesa na viungo vingine vyote: kumbukumbu ya muda inayojulikana kama RAM, diski inayohifadhi faili, kibodi, skrini na waya wa mtandao.

Kazi ya viungo hivi inaweza kulinganishwa na ya kibanda cha chakula. Prosesa ni mpishi. RAM ni meza iliyo mbele yake, ambapo huweka vitunguu na nyanya anazokatakata wakati huo. Diski ni ghala lililo nyuma ya nyumba. Mpishi awe hodari kiasi gani, ikiwa meza yake ni ndogo kiasi kwamba analazimika kwenda ghalani kila anapohitaji kitunguu, wateja watasubiri. Kumwajiri mpishi mwenye mikono miepesi zaidi hakutasaidia lolote, kwa kuwa muda haupotei jikoni bali njiani.

Huo ndio msingi wa suala zima. Kompyuta hucheleweshwa na kiungo chake kilicho kizito kuliko vingine kwa kazi inayofanywa wakati huo. Anayebadilisha kiungo kisichokuwa kizito hubakia na tatizo lake.

Kosa jingine la kawaida ni kuipima prosesa kwa gigahezi pekee. Mwaka 2004, kampuni ya Intel iliuza prosesa ya Pentium 4 yenye kasi ya gigahezi 3.8, ambayo kiwango chake cha joto kilikuwa wati 115. Miaka miwili baadaye ilitoa Core 2 Duo, ambayo mojawapo ya zile za bei nafuu ilikuwa na gigahezi 1.86 na wati 65 pekee. Kwa kutazama namba tu, mnunuzi angedhani ile ya kwanza ina kasi maradufu. Kinyume chake ndicho kilichokuwa kweli kwa kazi nyingi, kwani ile mpya ilikuwa na viini viwili na ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo moja. Umri na muundo wa prosesa huwa na uzito kuliko idadi ya gigahezi.

Pima kabla ya kulipa

Bahati njema ni kwamba kipimo cha kumtambua mwenye kosa kimo ndani ya kompyuta yenyewe, wala hakina malipo. Katika mfumo wa Windows, mtu akibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha hufunguka na kuonyesha asilimia ya kazi inayofanywa na prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Mwenye saiba anapaswa kulifungua dirisha hilo wakati wa msongamano, mashine inaposuasua, wala si asubuhi ikiwa haina kazi.

Matokeo yake husomwa hivi. Ikiwa prosesa inakaa kwenye asilimia 90 hadi 100 kwa muda mrefu huku diski ikiwa imetulia, prosesa ndiyo iliyolemewa. Ikiwa diski ndiyo iliyofika asilimia 100 na prosesa iko kwenye asilimia 15, basi prosesa mpya itaisubiri diski ileile. Ikiwa kumbukumbu imejaa, kompyuta hulazimika kuihamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na hapo vyote viwili huonekana kulemewa ilhali kiini cha tatizo ni uhaba wa RAM. Na ikiwa vyote vimetulia lakini ukurasa wa intaneti haufunguki, kosa limo katika mtandao: mashine sita zinazogawana laini moja hafifu haziwezi kuponywa na bisibisi ya fundi.

Kwa kompyuta nyingi za mitumba zilizoletwa kutoka ng'ambo, zile ziitwazo Ex-UK, mshukiwa wa kwanza huwa ni diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka. Sahani hiyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono wake husogea huku na huko kutafuta data. Kwa sababu ya mwendo huo, haiwezi kuchota zaidi ya vipande mia moja hivi vidogo vilivyotawanyika katika sekunde moja. Diski ya kisasa ya SSD haina kitu chochote kinachozunguka. Hiyo huchota maelfu kwa maelfu ya vipande kama hivyo kwa sekunde. Hata kompyuta ya mwaka 2008 inaweza kuipokea, mradi tu iwe na tundu la aina ya SATA.

Hesabu rahisi

Mwaka 1967, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl, alitoa hoja ambayo hadi leo hutumiwa kukadiria faida ya kuboresha sehemu moja ya mashine. Hoja yenyewe ni nyepesi: faida ya kuharakisha kiungo kimoja haiwezi kuzidi muda ambao kiungo hicho kilikuwa kikiutumia.

Tuseme kompyuta huchukua sekunde 120 tangu kuwashwa hadi kuwa tayari kwa mteja. Katika muda huo, sekunde 90 hupotea ikisubiri diski, sekunde 20 ni za prosesa, na sekunde 10 ni za mambo mengine. Mwenye duka akinunua prosesa yenye kasi mara mbili, zile sekunde 20 zitakuwa 10, na jumla itakuwa 110. Amepunguza sekunde 10 pekee, chini ya asilimia tisa, na mteja hata hatatambua.

Akiiacha prosesa ileile na kununua diski yenye kasi mara kumi, zile sekunde 90 zitakuwa tisa, na jumla itashuka hadi sekunde 39. Hiyo ni chini ya thuluthi moja ya muda wa awali. Aghalabu SSD moja ndogo hugharimu pungufu mno kuliko prosesa na madabodi kwa pamoja, na huweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine siku ile ya kwanza itakapokufa.

Hesabu hiyo pia hugeuka. Ikiwa kazi inayofanywa huchukua sekunde 100 za prosesa kati ya kila 120, kuinunulia kompyuta SSD kutakuwa kama kumpa kiatu kipya mtu anayeumwa na tumbo. Ndiyo maana kupima hutangulia kununua.

Vumbi na joto

Kuna ugonjwa mwingine ambao hujificha kama uzee wa prosesa. Dandora ni mtaa wenye vumbi, na moshi wa jalala kuu la jiji huingia hadi ndani ya maduka. Feni ya kompyuta huvuta hewa hiyo mchana kutwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mapezi ya chuma yanayoipoza prosesa huzibwa kwa blanketi la vumbi, na ile krimu ya kupitisha joto iliyopakwa kati ya chuma na prosesa hukauka ikawa kama chaki.

Prosesa za kisasa zimeundwa kujilinda. Joto linapopita kiwango, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mwenye mashine huona kwamba asubuhi inakimbia lakini kufikia saa nane mchana inatambaa. Kuipangusa kwa brashi na kupaka krimu mpya ni kazi ya muda mfupi, na fundi mwaminifu huanza na hilo kabla ya kutaja kiungo chochote cha kununua. Virusi na programu chungu nzima zinazojianzisha zenyewe mashine inapowashwa pia huweza kuilemea prosesa isiyo na hatia.

Mnyororo wa gharama

Hebu tuchukulie kwamba vipimo vyote vimefanywa na imebainika kwamba prosesa kweli ndiyo iliyochoka. Hata hapo, njia si moja.

Njia ya kwanza ni kubadilisha prosesa peke yake na kuiacha madabodi ileile. Mathalan, kompyuta iliyotoka mwaka 2011 ikiwa na prosesa ya Core i3-2100 yenye viini viwili inaweza kupokea Core i7-2600 yenye viini vinne, kwani zote mbili hukaa katika soketi moja ya LGA1155. Prosesa kama hizo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Hata hivyo, ile ya kwanza hukadiriwa kutoa joto la wati 65 na ya pili wati 95. Chuma cha kupoza na kisanduku cha umeme sharti viweze kuhimili ongezeko hilo. Pia inafaa kuhakikisha kwamba mtengenezaji wa madabodi ameiorodhesha prosesa hiyo miongoni mwa zinazokubaliwa.

Njia ya pili, ambayo ndiyo fundi hupendekeza mara kwa mara, ni kubadilisha prosesa na madabodi kwa pamoja. Hapa ndipo mnyororo huanzia. RAM za aina ya DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti, na haiingii katika tundu la nyingine. Kwa hivyo aliye na madabodi ya mwaka 2008 akinunua ya kisasa, RAM yake yote huwa haina kazi. Chuma cha kupoza huenda kisitoshee. Kisanduku cha umeme huenda kikakosa nyaya zinazohitajika. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta hufungamanishwa na madabodi, na kwa kawaida haihamii kwenye mpya.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa mashine zilizotoka katika ofisi za ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre, ambazo zimejaa katika saiba za Eastlands. Nyingi miongoni mwake, hasa zile nyembamba, zina madabodi yenye umbo la mtengenezaji mwenyewe, na baadhi zina visanduku vya umeme visivyolingana na vya kampuni nyingine. Madabodi ya kawaida iliyonunuliwa Luthuli Avenue haitaingia katika kasha hilo hata fundi akitumia tupa.

Mwishowe, mwenye duka hujikuta amebadilisha madabodi, prosesa, RAM, feni, kisanduku cha umeme na kasha. Kilichobaki cha zamani ni diski, yaani kile kiungo ambacho huenda ndicho kilichokuwa kikimchelewesha tangu mwanzo. Amenunua kompyuta nzima kwa vipande, kwa bei ya rejareja, pasipo dhamana ya mashine nzima.

Ndiyo sababu ipo njia ya tatu: kuuza mashine ile kama ilivyo, kuongeza pesa ambazo zingenunua vipuri, na kuchukua mashine nyingine ya mitumba ya kizazi cha karibu. Kwa kompyuta zenye chapa, mara nyingi hesabu huishia hapo. Njia ya pili huwafaa zaidi wenye mashine za kuundwa, zenye kasha la kipimo cha kawaida na kisanduku cha umeme chenye nguvu ya kutosha.

Mtego wa soketi

Anayeamua kununua vipuri anapaswa kujihadhari na mtego mmoja ambao umewanasa hata mafundi. Soketi ya LGA1151 ilitoka mwaka 2015 kwa ajili ya prosesa za Intel za kizazi cha sita, na baadaye cha saba. Kizazi cha nane na cha tisa nacho kikaja na idadi ileile ya vidoa vya shaba, 1151, na umbo lilelile. Lakini mpangilio wa umeme ulibadilishwa, na prosesa ya kizazi cha nane haifanyi kazi katika madabodi iliyoundwa kwa ajili ya cha sita au cha saba. Mnunuzi huona imeingia, akalipa, akaenda nyumbani, na skrini ikabaki nyeusi.

Kizazi cha prosesa ya Intel ya aina ya Core hujulikana kwa kutazama tarakimu zinazofuata kistari. Core i5-6500 ni ya kizazi cha sita, Core i5-8500 ni ya cha nane, na Core i5-10400 ni ya cha kumi. Muuzaji anayetamka "Core i5" tu bila kutaja namba hiyo hajasema lolote la maana, kwa kuwa kati ya Core i5 ya mwaka 2010 na ile ya mwaka 2020 kuna umbali mkubwa.

Kwa upande wa kampuni ya AMD, soketi ya AM4 imekuwa na maisha marefu. Ilianza kutumika mwaka 2016, na madabodi nyingi za soketi hiyo zimeweza, baada ya kusasishiwa programu ya ndani, kupokea prosesa za Ryzen zilizotoka miaka kadhaa baadaye. Anayeunda mashine ya kudumu huzingatia jambo hilo, kwa kuwa humwezesha kubadilisha prosesa siku zijazo bila kuigusa madabodi.

Tarehe iliyobadilisha hesabu

Hadi hapa suala limekuwa kasi pekee. Lakini mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Marekebisho ya bure ya usalama yalikoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ambao kwa watumiaji wa kawaida uliwekewa ukomo wa Oktoba 2026.

Mfumo uliofuata, Windows 11, ulitolewa Oktoba 2021 ukiwa na masharti makali. Kwa prosesa za Intel, orodha rasmi huanzia kizazi cha nane, ukiacha zile chache mno za kabla yake. Aidha, kompyuta sharti iwe na kiungo cha usalama cha TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya diski ya GB 64. Mashine yenye Core i5 ya kizazi cha sita, ambayo kwa kazi za saiba ingali na kasi ya kutosha ikipewa SSD, imewekwa nje ya orodha.

Kwa mwenye saiba hili si jambo la mapambo. Wateja wake huandika nenosiri za KRA na eCitizen, na namba zao za kitambulisho, katika mashine zake. Mfumo usiozibwa mianya huwa mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Vilevile programu hufuata mfumo: Windows 7 ilipoteza huduma Januari 2020, na kufikia mapema mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kilikoma kutoa matoleo mapya kwa ajili yake. Kilichoipata Windows 7 kinaweza kuifika Windows 10 pia.

Kuna wanaopita kando ya masharti hayo kwa kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyoorodheshwa. Huweza kufanya kazi, lakini Microsoft haiwapi hakikisho la marekebisho. Kuna pia wanaohamia mifumo ya bure ya Linux, kama vile Ubuntu na Mint, ambayo hukimbia vyema kwenye mashine za kale na huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwa kurasa za mtandao na uchapishaji, hiyo ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba baadhi ya taarifa za ushuru zimekuwa zikijazwa katika faili za Excel, na wateja wengi huja na nyaraka za Word. Mwenye duka anapaswa kujaribu kazi zake zote kabla ya kuhamisha mashine zote.

Kwa hivyo kubadilisha madabodi na prosesa kunaweza kuwa na maana hata pale ambapo kasi haikuwa tatizo. Lakini hata kwa sababu hiyo, ushindani na mashine nzima ya mitumba ya kizazi cha nane hubakia palepale.

Studio si saiba

Dandora si mtaa wa saiba pekee. Huu ndio mtaa uliowatoa wasanii wa Kalamashaka katika miaka ya 1990, na vijana wanaorekodi muziki katika vyumba vilivyopangwa matandiko ya mayai ukutani bado wapo. Kwa hao hesabu hubadilika kabisa.

Mtayarishaji wa muziki anapoweka sauti ishirini na kila moja ikapewa mwangwi na vionjo vingine, prosesa hulazimika kuzikokotoa zote kwa wakati mmoja bila kuchelewa hata kidogo. Ikishindwa, sauti hukatikakatika. Anayehariri video za harusi naye huiacha kompyuta ikisaga usiku kucha ili kutoa faili moja. Katika kazi hizo, dirisha la vipimo huonyesha prosesa kwenye asilimia 100 kwa saa nzima. Hapa prosesa yenye viini vingi huweza kupunguza usiku mzima ukawa saa chache, na kwa mwenye mashine ya kuundwa, kubadilisha madabodi na prosesa ni uwekezaji unaorudisha pesa zake.

Umeme pia una sehemu yake katika hesabu. Tuseme mashine kuukuu hula wati 70 zaidi ya ile mpya, na huwashwa saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Tofauti hiyo ni karibu uniti 22 kila mwezi. Kwa mashine nne, ni takriban uniti 87. Mwenye duka akizidisha kwa bei ya tokeni na kwa miezi 24, huenda akagundua kwamba kompyuta "ya bure" aliyoikataa kuiachilia ndiyo ghali kuliko zote.

Vipuri huishia wapi?

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Madabodi iliyotolewa sharti iende mahali, na kwa mkazi wa Dandora mahali hapo panaweza kuwa umbali wa kutupa jiwe. Mwaka 2007, utafiti uliofadhiliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, uliwapima watoto na vijana 328 wanaoishi na kusoma karibu na jalala la Dandora. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo.

Risasi hiyo haikutoka kwenye kompyuta pekee, kwani jalala hilo lilipokea taka za kila namna. Hata hivyo, lehemu iliyotumika katika vifaa vya elektroniki vya kale ilikuwa na madini hayo, hadi Umoja wa Ulaya ulipoyawekea marufuku kuanzia Julai 2006, na vioo vya skrini zile nzito za zamani vilikuwa na risasi kwa wingi. Anayechoma nyaya ili kupata shaba huwapumulisha jirani zake sumu.

Njia bora zipo. Kipuri kinachofanya kazi kina mnunuzi miongoni mwa mafundi. Kilichokufa kinaweza kupelekwa katika vituo vya kushughulikia taka za elektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi, kilichoanza mwaka 2012 kutokana na kazi ya shirika la Computer for Schools Kenya. Na kompyuta inayodumishwa miaka mitatu zaidi kwa SSD na RAM ni madabodi moja ambayo haijafika jalalani.

Uamuzi

Mtaa wa Dandora wenyewe ulijengwa kwa busara inayofaa hapa. Katika mradi ulioanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, familia zilipewa viwanja takriban 6,000 vyenye maji na mabomba ya majitaka, kisha kila mmoja akaongeza chumba kwa chumba kadiri alivyojaliwa. Aliyetaka kupandisha ghorofa alilazimika kwanza kuutazama msingi: ukiweza kubeba, aliongeza, usipoweza, matofali mapya yangekuwa hasara.

Kwa kompyuta, utaratibu ni huohuo. Kwanza, safisha vumbi na uondoe programu zisizohitajika. Pili, pima wakati wa kazi nzito ili kumjua anayechelewesha wengine. Tatu, ikiwa ni diski au RAM, badilisha hizo na uiache prosesa. Nne, ikiwa ni prosesa, angalia kama madabodi iliyopo inaweza kupokea iliyo bora. Tano, ikiwa madabodi pia sharti iondoke, jumlisha bei ya kila kitu kitakachoifuata, kisha uilinganishe na bei ya mashine nzima ya kizazi cha nane au zaidi. Kilicho nafuu kati ya hivyo viwili ndicho cha kununua.

Fundi anayekubali kufuata hatua hizo mbele ya mteja, dirisha la vipimo likiwa wazi, anastahili malipo yake hata kama mwishowe hakuuza kipuri chochote. Anayekimbilia kufungua kasha kabla ya kupima huenda anatibu mfuko wake.